Mkono wa Tatu

Mama anarudi Ijumaa kutoka Mbale,
macho yote mawili yametolewa mtoto
(mtoto wa jicho: jina gani hilo,
kana kwamba mtu huzaa ukungu
akaulea miaka tisa),
nami nilimwahidi chumba cheupe.

Si cheupe, alisema kwenye simu, ulimi bado mzito kwa dawa.
Cheupe ni cha hospitali.
Nitafutie rangi ya maziwa yaliyolala.

Dukani kwa Wabwire, ng'ambo ya reli,
nilifunguliwa makopo sita.
Alichovya kidole, akajifuta kwenye suruali
iliyobeba kuta zote za Tororo.
"Hii," nikasema.
"Hiyo inaitwa krimu."
"Kwa mama yangu ina jina lake."

Tukatoa kitanda, sanduku la bati,
kalenda ya chama cha akiba
kilichokufa kabla ya mwaka wake kwisha.
Opendi akatandaza magazeti sakafuni,
kisha akakaa juu yake, akayasoma.
Ana miaka kumi na mitatu. Ni mtoto wa Obbo, kaka yangu,
aliyeondoka na lori la saruji kwenda Juba
na ambaye hatumtaji kabla ya chakula.

Tulikwangua.
Kijani cha mafuta hadi kiunoni: hicho alipaka baba
ili vidole vyetu vifutike kwa kitambaa.
Chini yake buluu. Chini yake chokaa.
Chini kabisa udongo, na harufu ya mvua
iliyonyesha kabla sijazaliwa.

Na juu ya mahali palipokuwa na meza,
ulimi mweusi, mrefu,
umeinama kidogo kulia
kwa sababu ya dirisha lisilofungika:
moshi wa tadoba.
Miaka minne ya mitihani ya mtu mmoja
aliyeamka kila asubuhi na pua nyeusi.

Mkono wa kwanza, ulimi ukainywa rangi.
Mkono wa pili nilipaka nimesimama juu ya ndoo,
bega likilalamika,
nikaona umefunikwa, nikaenda kuchemsha muhogo.
Ulipokauka ulikuwa umerudi, wa kahawia,
kama chai iliyomwagika upande wa pili wa shuka.

Nikampigia Wabwire.
"Masizi hayafichwi na rangi ya maji, dada.
Tanguliza ya mafuta, au endelea kuninunulia."
Akacheka. Mimi nilikuwa na elfu nne.

Kisha umeme ukakatika.
Opendi akawasha tochi ya simu, akaielekeza ukutani.
"Shangazi, alikuwa anakaa hapa?"
Hakungoja jibu. Alichuchumaa
mahali pa kiti, mgongo wima,
na utosi wake ukafika pale pale
moshi unapoanzia.

Sikusema kitu. Nilimpa brashi.
Mkono wa tatu ulikuwa wake:
alipaka taratibu, kutoka pembeni kuingia ndani,
na alipofika kwenye ulimi
hakuongeza rangi, wala hakuruka.

Ijumaa mama alishushwa mlangoni na bodaboda,
miwani myeusi, khanga ya kuazima.
Aliivua miwani ndani, kwa mikono miwili,
kama mtu anayefunua chungu.
Akatazama dari. Akatazama nyuma ya mlango,
tulipopasahau.
Akatazama kile kivuli cha kahawia,
akakipita, akakirudia.

"Haya ni maziwa ya leo," alisema. "Hayajalala."

Halafu akanigeukia, akanisogelea karibu mno,
kama bado haoni,
akashika nywele zangu juu ya sikio.
"Na wewe? Nani alikupaka chokaa kichwani?"

Usiku ule niliosha kichwa kwa mafuta ya taa
hadi ngozi ikawasha.
Rangi ya Wabwire ilitoka.
Ile aliyoiona mama, nilipojitazama kwenye bati la sanduku,
ilikuwa bado ipo,
na Opendi, kule chumbani, alikuwa ameshavuta meza ukutani.